Maoni Yetu: Tusichague wa kumsalimia

Waislamu wa mwambao huu hatuna upungufu wa salamu. Kutoka Kilwa mpaka Lamu utazisikia misikitini, madukani, bandarini na kwenye simu, tangu alfajiri mpaka baada ya isha. Upungufu wetu uko kwingine: tumeanza kuchagua. Tunamsalimia anayetujua, anayeswali msikiti wetu, wa chama chetu, mwenye gari. Tunampita hamali. Tunampita mgeni. Tunampita jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja, na tunampita kila siku, mwaka wa tatu huu. Gazeti hili linaona tabia hiyo ni kosa la dini kabla ya kuwa kosa la adabu, na wakati wa kulisema waziwazi umefika.

Anayesema asalaam aleikum anafanya mambo mawili kwa pumzi moja. Anamwombea mwenzake amani kwa Mwenyezi Mungu, ambaye Salaam ni mojawapo ya majina yake, na anampa ahadi kwamba hatadhurika kwa mkono wake wala kwa ulimi wake. Jambo zito namna hiyo halikuachwa liende kwa matakwa ya mtu. Kuanza ni sunna. Kuitikia ni wajibu. Sura ya Nisaa, aya ya 86, inamtaka anayeamkiwa arudishe maamkizi bora kuliko aliyopewa, na akishindwa arudishe yaliyo sawa nayo. Aya haikumtaja anayesalimia ni nani. Haikusema tajiri, haikusema ndugu, haikusema wa madhehebu yako. Watu wakiwa kundi, akaitikia mmoja wao, wajibu umetimia kwa wote. Wakinyamaza wote, wote wamekosa.

Imran bin Huswain, swahaba, amesimulia kuhusu watu watatu waliofika mbele ya Mtume (s.a.w.) mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alisema asalaam aleikum, akaitikiwa, na Mtume akasema: kumi. Wa pili akaongeza warahmatullahi: ishirini. Wa tatu akafikisha wabarakatuh: thelathini. Hizo ni thawabu. Mtu akikupa ishirini nawe ukamrudishia kwa kuinua nyusi, ukiendelea kusoma ujumbe kwenye simu, umebaki na haki yake.

Sasa turudi kwa mgeni. Abdullah bin Amr amepokea kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume, Uislamu ulio bora ni upi? Jibu lilikuwa na mambo mawili tu: kulisha chakula, na kumsalimia unayemjua na usiyemjua. Bukhari na Muslim wote wameiandika hadithi hiyo. Tuitazame vizuri. Aliulizwa kuhusu ubora wa dini nzima, akamtaja mpita njia asiyejulikana jina. Kumsalimia rafiki hakuhitaji dini. Hata wasio na dini husalimia marafiki zao. Imani inapimwa pale unapokutana na mtu ambaye hatakufaa kwa lolote, na ambaye huenda usimwone tena maisha yako yote.

Masahaba waliielewa hivyo. Katika Muwatta ya Imam Malik, Tufayl bin Ubayy bin Kaab anasimulia kwamba alikuwa akienda kwa Abdullah bin Umar asubuhi, kisha wakienda pamoja sokoni. Ibn Umar hakumpita muuza vitu vikuukuu, wala mfanyabiashara, wala maskini, wala mtu yeyote, ila alimsalimia. Siku moja Tufayl akamwuliza anafuata nini sokoni, maana hasimami kununua, haulizi bei, hapatani, wala hakai kwenye mabaraza ya soko. Si afadhali wakae hapohapo nyumbani wazungumze? Ibn Umar akamjibu kwamba wanakwenda kwa ajili ya salamu tu, wamsalimie kila wanayekutana naye. Huyu ni mtoto wa khalifa wa pili, mwanachuoni aliyefuatwa na watu kutoka mbali kwa elimu yake, na asubuhi yake aliitumia kumwombea amani muuza vikuukuu.

Hatumwambii mtu aache kazi azunguke Kariakoo, Darajani au Marikiti akitoa salamu kwa maelfu. Tunazungumzia yule unayesimama mbele yake. Anayefika kwenye meza ya muuza nyanya na neno lake la kwanza likawa "fungu bei gani" amemruka mtu akaikamata nyanya. Anayeshusha mzigo wake kichwani kwa mchukuzi na kumlipa bila kumtazama amelipa ujira, haki nyingine hakuilipa. Makondakta, mama lishe, wafagiaji wa barabara, vijana wa kuosha magari: hawa wanaonwa na watu mamia kwa siku na kusalimiwa na wachache. Kutoa amani kwao hakugharimu hata senti, na ndiyo maana kuwanyima hakuna udhuru.

Kuhusu nani aanze, mafundisho yako wazi, na yanawagusa wakubwa zaidi kuliko wanavyodhani. Abu Huraira amepokea kwamba aliyepanda humwanza anayetembea, anayetembea humwanza aliyekaa, wachache huwaanza wengi, na mdogo humwanza mkubwa. Mwambao wetu umelishika sana hili la mwisho na kuyaacha matatu ya mwanzo. Aliyepanda aliwekewa sharti la kuanza ili urefu wa mnyama wake usimpandishe kichwa. Leo aliyepanda ni mwenye gari, na kioo chake cheusi kimepandishwa mpaka juu. Anayetembea humwanza aliyekaa kwa sababu aliyekaa hajui huyu anayemjia amebeba nia gani. Salamu humwondolea hofu. Basi mkurugenzi anayeingia ofisini asubuhi, yeye ndiye mpita njia, na mlinzi aliyeketi getini ndiye anayestahili kuanziwa. Mheshimiwa anayepita mbele ya baraza la wazee hapaswi kungoja wazee wainuke.

Hata hilo la mdogo kumwanza mkubwa tumelifanya kuwa kodi ya upande mmoja. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa shikamoo kabla hajajua kuhesabu, na ni malezi mema, hatutaki yaachwe. Lakini wako watu wazima wanaopita mbele ya watoto kumi wanaocheza, wakanyamaza wakingoja heshima yao, na isipokuja wakaenda kumshtaki mtoto kwa wazazi. Anas bin Malik aliwapitia watoto akawasalimia yeye, akasema Mtume alikuwa akifanya hivyo. Mtoto aliyeanziwa salamu na mtu mzima hatahitaji fimbo kujifunza kuitikia. Na Anas huyohuyo, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume akimtumikia, ndiye aliyeagizwa awape salamu watu wa nyumbani kwake kila anapoingia, iwe baraka kwake na kwao. Akina baba wanaovua viatu mlangoni na kuuliza kama chakula kiko tayari, hili ni lao.

Adabu nyingine zinajulikana, na tutazipitia upesi. Nyumba ya mtu haiingiwi mpaka utake ruhusa na kuwasalimia wenyewe, kama ilivyokuja katika Sura ya Nur, aya ya 27. Sisi tunaita kupiga hodi. Hodi ni mara tatu, usipoitikiwa unarudi. Abu Musa al-Ash'ari alifanya hivyo mlangoni kwa Umar bin Khattab, akaondoka. Umar akamtaka alete shahidi kwamba hayo ni mafundisho ya Mtume, na Abu Said al-Khudri akaenda kushuhudia. Tunaona hukumu hiyo inafaa hata kwa simu. Kumpigia mtu mara tisa mfululizo ni kumgongea mlango kwa mateke. Usiku, ukiingia penye waliolala, salamu ni ya sauti ndogo: Miqdad amesimulia kwamba Mtume aliitoa kwa kiasi cha kumsikilizisha aliye macho bila kumwamsha aliyelala. Ukiondoka kwenye kikao unasalimia kama ulivyosalimia ulipofika, maana ya kwanza haikuwa na haki zaidi kuliko ya mwisho. Ukitumwa salamu unazifikisha. Na hizi "A.A." na "slm" za kwenye simu tuziache. Mwenye kuandika ujumbe wa mistari kumi kuhusu bei ya mchele hakosi nafasi ya kuandika maneno mawili ya dua kwa ukamilifu.

Yote hayo ni mepesi. Zito ni ugomvi.

Abu Ayyub al-Ansari amepokea kwamba si halali kwa Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka huku na yule akageuka kule, na mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Siku tatu. Sheria imeujua moyo wa binadamu, ikampa muda wa hasira kupoa, kisha ikafunga mlango. Sisi tunahesabu miaka. Katika kila mtaa wa mwambao ziko nyumba zinazotazamana ambazo watu wake hawaamkiani: mirathi iliyogawanywa vibaya, posa iliyokataliwa, mnazi uliopandwa upande usio wake, neno lililosemwa kwenye shughuli. Wanaswali safu moja. Mwisho wa swala kila mmoja anageuza uso kulia na kushoto akitoa salamu, na upande mmojawapo yupo yule asiyemsemesha. Kisha wanatoka, kila mtu na mlango wake.

Siasa imelizidisha donda hili, na Zanzibar ni ushahidi ulio karibu. Baada ya uchaguzi wa 1995, na tena baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, Pemba hasa ilishuhudia majirani wakisusiana salamu, maduka, harusi na hata mazishi. Agosti 2016, kwenye mazishi ya Rais mstaafu Aboud Jumbe, Maalim Seif Sharif Hamad hakuupokea mkono alionyooshewa na Rais Ali Mohamed Shein. Nchi nzima ilizungumza. Wengine walimlaumu Maalim. Wengine walisema mkono hauwezi kupokewa juu ya uchaguzi uliofutwa. Hatufufui kesi hiyo, na dai la haki ya kura si dogo wala si la kubezwa. Tunataka kuonyesha kilichokuja kabla yake na baada yake. Maalim Seif huyohuyo alikuwa amekutana na Rais Amani Abeid Karume Novemba 2009, na maridhiano yao yakazaa kura ya maoni ya Julai 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa. Na Desemba 2020 alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Hussein Ali Mwinyi, miezi miwili hivi kabla ya kufariki dunia Februari 2021. Wakubwa, wakishagombana, hurudi wakakaa meza moja. Huku chini mtu anabaki amemnunia shemeji yake kwa niaba ya watu ambao wamekwisha kupeana mikono.

Wanaosusa huwa na hoja ya kidini, nayo lazima ijibiwe. Husema: mbona Mtume mwenyewe aliwasusa watu? Wanakusudia kisa cha Kaab bin Malik. Katika mwaka wa 9 Hijria, jeshi lilipotoka kwenda Tabuk, Kaab na wenzake wawili, Murara bin Rabi na Hilal bin Umayya, walibaki Madina bila udhuru. Jeshi liliporudi, hawakudanganya, walikiri. Mtume akaamuru watu wasizungumze nao, na hali hiyo ikaendelea siku 50. Kaab alisimulia mwenyewe baadaye: alikuwa akienda msikitini, akimsalimia Mtume, kisha akiangalia kama midomo yake imetikisika kumjibu. Siku moja aliruka ukuta wa bustani ya binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wengi, akamsalimia, na Abu Qatada hakumjibu. Kaab akageuka huku machozi yakimtoka.

Ni kweli, kisa hicho kipo. Lakini anayekitumia akitumie chote. Amri ilitoka kwa Mtume, haikutoka kwa mkuu wa ukoo wala kwa mwenyekiti wa tawi. Iliwahusu watu watatu waliojulikana, kwa kosa la kuiacha jamii siku ya hatari. Ilikuwa na mwisho, na mwisho wake uliletwa na wahyi: Sura ya Tawba, aya ya 118, inataja kusamehewa kwao. Anayemsusa jirani yake leo kwa sababu ya mnazi, atashushiwa aya gani ya kumwambia sasa yatosha? Tena wanaokisimulia husahau vipande viwili. Kwanza, Kaab hakuacha kutoa salamu hata siku alizojua hatajibiwa. Pili, habari ya msamaha ilipofika naye akaingia msikitini, Talha bin Ubaydillah aliinuka akamkimbilia, akampa mkono na kumpongeza. Kaab alisema hakuusahau ule mkono wa Talha. Tunawahimiza wanaopenda kuwa Abu Qatada siku ya kususa wawe Talha siku ya suluhu.

Iko namna nyingine ya kususa inayotuhuzunisha zaidi, kwa sababu inavishwa kanzu ya elimu. Mitaa yetu ina misikiti miwili mahali ambapo zamani ulikuwepo mmoja, na waumini wa huu hawaitikii salamu ya waumini wa ule. Wamekhitilafiana juu ya kunuti, juu ya maulidi ya Mfungo Sita, juu ya mwezi ulioandamia wapi. Huyu amekula Idi leo, yule atakula kesho, na mkono wa Idi haupelekwi ng'ambo ya barabara. Watu wajadiliane; elimu imekua kwa mijadala. Lakini Sura ya Nisaa, aya ya 94, imekataza kumwambia anayekutolea salamu kwamba wewe si muumini, kwa kutamani mali ya dunia. Ibn Abbas ameeleza sababu ya kushuka kwake: mtu mmoja aliyekuwa na kundi dogo la mbuzi na kondoo aliwasalimia Waislamu, wakamuua na kuwachukua wanyama wake. Salamu ile peke yake ilitosha kuwa ngao ya damu yake, na walipoivunja, Qur'ani iliwashtaki. Atajibu nini basi anayesikia asalaam aleikum kutoka kwa mtu anayefunga, anayeswali, anayehiji, akaimeza kimya kwa sababu ya kunuti?

Na jirani asiye Mwislamu? Wanazuoni wamekhitilafiana kama anaanziwa kwa tamko hili lenyewe la salamu, na mjadala huo wa kifiqhi hauwezi kumalizwa na tahariri. Ila tujue mambo mawili. Mtume, akiwa amepanda punda kwenda kumtazama Saad bin Ubada aliyekuwa mgonjwa, alipita kwenye kikao chenye Waislamu, waabudu masanamu na Mayahudi, akasimama akawasalimia. Na alipoingia Madina mwaka 622, Abdullah bin Salam, mwanachuoni wa Kiyahudi wa mji ule, alikwenda kumwangalia uso. Maneno ya kwanza aliyoyasikia kwake yalikuwa ya kuwaita watu waeneze salamu, walishe chakula, waunge undugu na waswali usiku wenzao wamelala. Abdullah akasilimu. Dini hii ilibisha hodi Madina kwa maneno hayo. Dar es Salaam na Mombasa leo, Mkristo anatuamkia asalaam aleikum kwa ulimi mzuri na uso mkunjufu. Aitikiwe kwa wema. Na pale ambapo mtu anashikilia rai ya kutomwanza kwa tamko hilo, hakuna kinachomzuia kusema hujambo, umeamkaje, habari za nyumbani. Kununa hakuna mwanachuoni wa kukutegemezea.

Kwa wanasiasa tuna neno fupi. Imekuwa desturi kupanda jukwaani na kuanza kwa salamu za dini zote, umati ukaitikia kwa kishindo. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Inaonyesha nchi inayojua ina watu wa imani mbalimbali. Lakini salamu ni ahadi ya usalama. Kiongozi aliyewapa amani watu elfu kumi kwa kipaza sauti, kisha ndani ya hotuba ileile akawachochea dhidi ya wenzao, ameivunja ahadi yake mbele ya mashahidi elfu kumi.

Nani afanye nini? Maimamu, walimu wa madrasa na wazee wa baraza wanazijua nyumba zisizoamkiana katika mitaa yao. Wanazijua kwa majina na kwa sababu. Hotuba za jumla hazijawasaidia watu hao, maana kila mmoja huisikiliza akidhani anaambiwa mwenzake. Tunawaomba wasingoje Ramadhani, wala wasingoje msiba ndio uwakutanishe. Kabla ya Ijumaa ijayo, waende kwa mmoja wa wale wawili, tena yule mwenye umri au cheo kikubwa zaidi, wamwambie avuke barabara aanze yeye. Wamsindikize kama anaona haya. Na kama anahofia kuaibika asipoitikiwa, wamsomee hadithi aliyoiandika Abu Daud: zikipita siku tatu, amwendee mwenzake amsalimie, akijibiwa, wameshirikiana katika thawabu, asipojibiwa, yeye ametoka kwenye dhambi ya kuhama, na dhambi imebaki kwa aliyenyamaza.